Kifaa kimechomekwa, lakini GnuPG haiuamini ufunguo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanawahusu wanaotumia GnuPG, programu ya kusimba na kusaini ujumbe na faili (amri yake ni `gpg`), pamoja na kifaa cha usalama cha USB, kama YubiKey, Nitrokey au kadi yoyote inayofuata kiwango cha OpenPGP. Tukubaliane kwanza kuhusu maneno mawili. Kifaa ni kile unachokishika mkononi na kukichomeka. Ufunguo ni ile data ya kihesabu inayosimba, kusimbua na kusaini; una sehemu ya siri, unayobaki nayo, na ya umma, unayowapa wengine. Watu huviita vyote viwili "ufunguo", na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Ujumbe wa makosa nimeuacha kama unavyotokea kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoutafuta.

## Nimechomeka kifaa na PIN imekubalika. Mbona bado naambiwa ufunguo hauaminiki?

Kwa sababu kifaa hakibebi imani. Hili ningependa kila mtu alielewe kabla hajagusa amri yoyote.

Ndani ya kadi ya OpenPGP kuna nafasi tatu za funguo za siri: ya kusaini, ya kusimbua, na ya kuthibitisha utambulisho unapoingia kwenye mifumo. Kuna alama za vidole za funguo hizo (mfululizo wa herufi na tarakimu unaoutambulisha kila ufunguo), tarehe zilipoundwa, jina la mwenye kadi kama uliliandika, anwani ya mtandaoni ya kupakulia ufunguo wa umma, na vihesabio vya PIN. Ufunguo wa umma kamili, wenye jina lako, baruapepe yako na saini zake, haumo. Uamuzi wako kwamba "huu ni wangu, nauamini" haumo pia. Uamuzi huo unakaa kwenye kompyuta, katika faili la `trustdb.gpg` ndani ya folda ya `~/.gnupg`.

Siku ulipounda ufunguo kwenye kompyuta ya zamani, GnuPG iliandika yenyewe kwamba unauamini kwa kiwango cha juu kabisa. Ulipohamia kompyuta mpya ulileta kifaa na ufunguo wa umma, lakini lile faili la imani halikuja. Kompyuta mpya inauona ufunguo wako kama inavyouona wa mtu mwingine yeyote: jina limeandikwa, sawa, ila ni nani amesema ni kweli?

Ndipo unapopata hii:

```
gpg: There is no assurance this key belongs to the named user
gpg: [stdin]: encryption failed: Unusable public key
```

Kifaa hakijaharibika, wala ufunguo haujaharibika. Kompyuta inasubiri neno lako.

## Basi nirekebishe vipi, kama ufunguo ni wangu mwenyewe?

Anza na `gpg --card-status`, kifaa kikiwa kimechomekwa. Tazama sehemu ya mwisho ya kilichoandikwa. Ukisoma `General key info..: [none]`, ufunguo wa umma haupo kwenye kompyuta hii, na hakuna haja ya kuhangaika na imani kabla ya kuuleta. Uingize kutoka kwenye faili kwa `gpg --import`. Kama uliwahi kuandika anwani yake kwenye kadi, fungua `gpg --card-edit` kisha uandike `fetch`.

Rudia `gpg --card-status`. Amri hii si ya kutazama tu: ndiyo inayoiambia GnuPG kwamba funguo za siri ziko kwenye kadi yenye namba fulani. Baada yake, `gpg -K` itaonyesha `ssb>` mbele ya kila ufunguo tanzu (msaidizi wa ufunguo mama, ule mkuu) uliomo ndani ya kifaa. Ile alama ya `>` ndiyo inayosema "siri yake iko kwenye kadi". Ukiona `sec#`, ufunguo mama haupo hapa, na kwa wengi hivyo ndivyo walivyopanga.

Sasa imani:

```
gpg --edit-key ALAMA_YA_KIDOLE
gpg> trust
Your decision? 5
gpg> quit
```

Itakuuliza kama una uhakika, jibu `y`. Usishtuke ikiwa papo hapo bado inaonyesha `unknown`. Programu yenyewe hutahadharisha kwamba hali inayoonekana huenda isiwe sahihi mpaka uifunge na kuifungua upya. Funga, kisha andika `gpg -k`. Mbele ya jina lako patakuwa na `[ultimate]`.

## Zile namba 1 hadi 5 zina maana gani hasa?

Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Namba hizo hazijibu swali la "je, ufunguo huu ni wa fulani kweli?" Zinajibu swali jingine: "je, ninamwamini mwenye ufunguo huu anapothibitisha funguo za watu wengine?"

GnuPG hutofautisha mambo mawili. Kuna uhalali wa ufunguo, yaani uhakika kwamba ni wa mtu aliyetajwa. Na kuna imani kwa mwenye ufunguo, yaani uzito unaoupa ushuhuda wake juu ya funguo nyingine. Uhalali hukokotolewa na programu. Imani unaipanga wewe.

Namba 1 ni "sijui", 2 ni "simwamini", 3 ni imani kiasi, 4 ni imani kamili, na 5 ni ile unayojipa mwenyewe. Kwa mipangilio ya kawaida, ufunguo huhesabika halali ukisainiwa na mtu mmoja uliyempa 4, au watu watatu uliowapa 3, ilimradi funguo zao zenyewe ni halali na mnyororo hauzidi hatua tano.

Kwa hiyo 5 ni ya funguo zako peke yako. Ukimpa rafiki 5 ili onyo liondoke, onyo litaondoka kweli, ila umempa pia mamlaka ya kukuthibitishia kila ufunguo atakaousaini, leo na siku zote, bila kuulizwa tena. Naliona kosa hili mara nyingi kwenye maelekezo ya haraka haraka, na linaniumiza, kwa sababu anayelifuata hudhani amerekebisha tatizo.

## Onyo linahusu ufunguo wa mtu mwingine. Nifanye nini?

Hakikisha ufunguo ni wake, kisha uusaini kwenye kompyuta yako. Hakuna njia ya mkato yenye usalama.

Kuhakikisha maana yake ni kulinganisha alama ya kidole kupitia njia tofauti na ile iliyokuletea ufunguo. Kama ulikuja kwa baruapepe, piga simu. Mimi hufanya hivi: nafungua `gpg --fingerprint` upande wangu, mwenzangu anafungua upande wake, naye ndiye anayesoma. Alama hiyo ina tarakimu na herufi 40, zimegawanywa makundi kumi ya nne nne. Anasoma kundi, mimi nafuata kwa kidole kwenye skrini, namwambia "endelea". Tukifika kundi la sita mtu huanza kuchoka na kutaka kusema "zilizobaki ni sawa tu". Hapo ndipo pa kukaza. Makundi yote kumi, mpaka la mwisho. Hata polepole, dakika mbili hazifiki.

Usilinganishe namba fupi ya herufi nane, yaani zile nane za mwisho za alama ya kidole. Kutengeneza ufunguo bandia wenye namba fupi inayofanana na ya mtu mwingine ni kazi ndogo kwa kompyuta za leo, na mwaka 2016 funguo bandia za aina hiyo zenye jina la Linus Torvalds zilionekana kwenye seva za funguo, yaani hifadhi za mtandaoni za funguo za umma.

Mkishalinganisha, andika:

```
gpg --lsign-key ALAMA_YA_KIDOLE
```

Saini hii ni ya ndani ya kompyuta yako, haisafiri ukiutoa ufunguo kwa wengine. Ufunguo utageuka `[full]` na onyo litakoma, bila kumpa mwenzako mamlaka yoyote ya ziada.

## Nimejaribu `--lsign-key`, inasema hakuna ufunguo wa siri. Lakini kifaa kimechomekwa!

Kusaini funguo za wengine ni kazi ya ufunguo mama, ule wenye herufi `C` kwenye orodha. Funguo tanzu za `S` (kusaini), `E` (kusimba) na `A` (kuthibitisha utambulisho) haziwezi. Kama ulifuata ushauri mzuri wa kuuweka ufunguo mama nje ya mtandao na kupeleka funguo tanzu tu kwenye kifaa, basi kifaa chako hakina uwezo huo.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuutoa ufunguo mama ulikouhifadhi, kusaini, kisha kuingiza matokeo kwenye kompyuta ya kila siku. Kama utapita njia hii, tumia saini ya kawaida au utoe kwa `--export-options export-local-sigs`, la sivyo saini ya ndani itabaki ulikoiacha. Upande wa kupokea, ongeza `--import-options import-local-sigs`.

Ya pili, ninayoipenda kwa kazi ya kila siku, ni kuunda ufunguo mdogo wa pembeni kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa ajili ya kusaini ndani tu. Kwa kuwa umeuunda hapo, GnuPG inaupa imani ya juu yenyewe. Kisha unasaini nao:

```
gpg -u UFUNGUO_WA_PEMBENI --quick-lsign-key ALAMA_YA_KIDOLE
```

Ukiiacha kompyuta hiyo, ufunguo huo unaufuta na maisha yanaendelea.

Ya tatu ni kuandika `trust-model tofu+pgp` kwenye `gpg.conf`. Hapo programu inakumbuka ufunguo uliouona mara ya kwanza kwa anwani fulani na kukuonya ukibadilika. Ni njia halali, ila inalinda vizuri kuanzia mara ya pili. Ile mara ya kwanza bado ni juu yako.

## Kwa nini nisitumie tu `--trust-model always`?

Kwa sababu unazima kengele bila kutazama kama kuna moto. Kwa amri hiyo, ufunguo wowote wenye jina linalofanana utakubaliwa, hata uliopandikizwa jana.

Kuna mahali pake. Programu ndogo ya kujiendesha (script) inayosimba nakala rudufu usiku, kwenye seva yenye ufunguo mmoja ulioweka kwa mkono wako, haina mtu wa kujibu maswali. Hata hapo napendelea `--recipient-file` pamoja na njia ya faili la ufunguo wa umma. GnuPG huchukulia ufunguo uliomo kwenye faili hilo kuwa halali, na hauchanganyiki na mwingine wowote. Tabia ya kuweka `always` kwenye `gpg.conf` kwa kila kitu ndiyo ninayoipinga.

## Nimeweka imani 5, bado naambiwa `Unusable public key`

Basi tatizo si imani. Andika `gpg -k` na usome mabano. `[expired]` ni kwisha muda, `[revoked]` ni kubatilishwa. Kama hakuna mstari wa `sub` wenye `[E]`, ufunguo huo hauwezi kusimbiwa ujumbe hata ukiuamini namna gani.

Kwisha muda ndiko kunakotokea zaidi. Tarehe ya mwisho iko kwenye ufunguo wa umma, haiko ndani ya kifaa, kwa hiyo kuirefusha hakugusi kadi. Ufunguo mama ukiwa mkononi:

```
gpg --quick-set-expire ALAMA_YA_KIDOLE 1y
gpg --quick-set-expire ALAMA_YA_KIDOLE 1y '*'
```

Mstari wa kwanza ni wa ufunguo mama, wa pili ni wa funguo tanzu zote ambazo hazijabatilishwa wala kwisha muda. Ufunguo tanzu uliokwisha muda tayari, andika alama yake ya kidole badala ya `'*'`. Wengi husahau wa pili. Kisha toa ufunguo wa umma upya, uuingize kwenye kila kompyuta unayotumia na uwapelekee wanaokuandikia. Wasipoupata, kwao ufunguo wako bado umekufa.

## Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) inasema `Good signature` halafu inaongeza `[unknown]`. Saini ni nzuri au si nzuri?

Kihesabu ni nzuri: data haijabadilishwa na ufunguo huo ndio uliosaini. Ila kompyuta yako haina ushahidi kwamba ufunguo ni wa mtu aliyetajwa, ndiyo maana ya `This key is not certified with a trusted signature!` Dawa ni zilezile: 5 ikiwa ni wako, `--lsign-key` baada ya kulinganisha ikiwa ni wa mwingine.

## Nimepakua ufunguo kutoka seva ya funguo, saini za marafiki zimepotea

Mwaka 2019 kuna watu waliojaza maelfu ya saini za uongo kwenye funguo za wataalamu wawili wa OpenPGP, hadi programu zikawa zinakwama kuzisoma. Baada ya hapo GnuPG, kuanzia toleo la 2.2.17, ikaacha kupokea saini za watu wengine kutoka kwenye seva za funguo kwa mipangilio ya kawaida. Seva ya keys.openpgp.org nayo haizigawi bila ridhaa, na haitoi jina wala baruapepe mpaka mwenyewe athibitishe anwani yake. Ufunguo usio na jina, GnuPG huukataa kwa kusema `no user ID`. Mwombe mhusika akutumie faili aliloutoa mwenyewe.

## Nina vifaa viwili vyenye funguo zilezile. Inadai nichomeke kile kingine

GnuPG imekariri namba ya kadi ya kwanza. Chomeka kile unachotaka kukitumia, kisha:

```
gpg-connect-agent "scd serialno" "learn --force" /bye
```

## Inasema `No such device` au kadi haipatikani, ingawa taa inawaka

Mara nyingi programu mbili zinakigombea kifaa: `scdaemon` ya GnuPG na huduma ya `pcscd`. Andika `disable-ccid` kwenye `~/.gnupg/scdaemon.conf`, kisha `gpgconf --kill scdaemon`, uchomoe kifaa na kukichomeka tena. Kwa kufanya hivyo GnuPG inapita kwa `pcscd` badala ya kushindana nayo.

## Amri imeganda, hakuna kosa wala jibu

Tazama kifaa. Kama kinamweta, kinasubiri ukiguse. Skrini haikuambii, na usipogusa kwa muda mfupi operesheni inafeli. Kama hakimweti na ulitarajia kuulizwa PIN, andika `export GPG_TTY=$(tty)` ujaribu tena. Hiyo ndiyo dawa ya `Inappropriate ioctl for device` pia.

## Kila kitu kinafanya kazi, isipokuwa nikitumia `sudo`

`sudo` inakufanya `root`, msimamizi mkuu wa kompyuta. Ukiwa `root` unatumia folda ya `.gnupg` ya `root`, yenye funguo zake na imani zake. Endesha `gpg` kama wewe mwenyewe.

## `decryption failed: No secret key`, na kifaa kipo

Ujumbe ulisimbwa kwa ufunguo tanzu mwingine, pengine wa zamani uliokwisha kuubadilisha kwenye kadi. `gpg --list-packets` itaonyesha namba ya ufunguo uliotumika. Ilinganishe na orodha ya `gpg --card-status`. Zikitofautiana, unahitaji nakala rudufu ya ule wa zamani. Imani haihusiki hapa hata kidogo.

## Nifute kifaa kwa `factory-reset` nianze upya?

Hapana, si kwa kosa la imani. Nayasema haya kwa uchungu, maana niliwahi kufanya hivyo. Nilikuwa nimehamia kompyuta mpya, nikapata ule ujumbe wa `no assurance`, nikaamini kadi imeharibika. Nikaifuta. Ufunguo wa kusimbua ulikuwa umeundwa ndani ya kifaa chenyewe, na ulioundwa humo hautoki. Nakala sikuwa nayo. Faili za mwaka mzima zikabaki kwenye diski, nzima kabisa, na hakuna wa kuzifungua tena. Nilichohitaji kilikuwa ni neno `trust` na namba 5.

Kufuta kunaeleweka pale tu PIN zote mbili, ya mtumiaji na ya msimamizi, zimefungwa. Kwenye `gpg --card-status` tafuta `PIN retry counter : 3 0 3`. Namba ya kwanza ni majaribio yaliyobaki ya PIN ya mtumiaji, ya tatu ni ya msimamizi. Ikiwa ya kwanza ni 0 lakini ya tatu bado ina kitu, fungua `gpg --card-edit`, andika `admin`, kisha `passwd`, uchague kufungua PIN. Funguo zako zitabaki salama.

## Nihamishe vipi imani zangu zote kwenda kompyuta mpya?

```
gpg --export-ownertrust > imani.txt
```

Peleka faili hilo, kisha kule kwingine:

```
gpg --import-ownertrust < imani.txt
gpg --check-trustdb
```

Ukilifungua utaona alama za vidole, kila moja ikifuatwa na namba. Usidhani limeharibika ukikuta `:6:` kwenye ufunguo wako. Ndani ya faili 6 ndiyo ile 5 ya kwenye menyu, na 5 ya faili ni 4 ya menyu. Faili hili halina siri ya kusimbua chochote, ila linaonyesha unamwamini nani, na anayeweza kulibadilisha anaweza kujipandisha cheo kwenye kompyuta yako. Lisafirishe kwa uangalifu huohuo unaousafirishia ufunguo mama. Saini za ndani ulizoweka kwa `--lsign-key` hazimo humo. Hizo huja pamoja na funguo zenyewe, ukizitoa kwa `--export-options export-local-sigs`.